Mtoto Mzito wa Kushika ni Kosa la Nani?

Mgeni ashukaye Bukoba akaishika njia ya Muleba huona neema kwa macho yake. Migomba imesimama pande zote mbili za njia, na kati ya migomba mibuni, na chini ya mibuni maharage. Mvua haiinyimi nchi hii, maana pale Bukoba hunyesha kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka. Na upande wa mashariki ziwa linang'aa, lenye samaki wakubwa na wadogo. Mgeni huyo akiambiwa kwamba katika nchi hii watoto hupungukiwa na chakula, atadhani anafanyiwa mzaha.

Hata hivyo, walipopimwa watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, katika mwaka 2015 na 2016, ilionekana kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa wa Kagera, 42 walikuwa wafupi kuliko ipasavyo kwa umri wao. Na kwa nchi nzima walikuwa 34. Walipopimwa tena mwaka 2022, hesabu ya Kagera ilikuwa imeshuka hata 34, na ya nchi nzima 30. Twashukuru kwa maendeleo hayo, lakini mtoto mmoja katika kila watatu si jambo la kupuuzwa. Tena tazameni ajabu hii: mwaka ule wa 2022 mikoa iliyotangulia yote kwa ubaya ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, nayo ndiyo mikoa iwalishayo wengine kwa mahindi yake. Basi twaona kwamba ghala kujaa ni jambo moja, na mtoto kulishwa ni jambo jingine.

Ufupi huu wataalamu huuita udumavu. Si ufupi wa ukoo, maana wako watu wafupi wenye afya njema na akili nyingi. Ni alama ya mwili ulionyimwa vitu vya kujengea wakati wa kujengwa. Na kama vile moshi si moto wenyewe bali huonyesha moto ulipo, kadhalika kimo huonyesha kwamba na mengine ya ndani, yasiyopimwa kwa kamba, yalikosa haki yake. Ndipo linapotokea swali tunalotaka kuliweka mbele yenu mwezi huu, ndugu wasomaji, na hasa mbele ya waalimu na wainjilisti. Mtoto asiyeshika afundishwayo, asinziaye katika darasa la Kipaimara, achokozaye wenzake bila sababu, au aketiye kama gogo asijibu neno, ni kosa la nani? Sisi tumezoea kujibu upesi. Twasema ni mvivu, ni mjinga, ni mkaidi. Na jibu la namna hiyo huita fimbo.

Hatutaki kusema neno baya juu ya ndizi. Ni chakula cha heshima katika Buhaya, na wako wazee ambao, wakila wali hata kushiba, husema kwamba leo hawakula. Lakini ndizi ina kazi yake, nayo ni kutia nguvu. Katika gramu 100 za ndizi mna kadiri ya gramu 1 tu ya protini, yaani kile kitu kijengacho nyama na damu na ubongo. Katika gramu 100 za maharage makavu mna zaidi ya 20, na dagaa waliokaushwa wayazidi maharage mara mbili. Tena ndizi ni maji kwa sehemu kubwa. Mtu mzima aweza kula sahani nzima, na mchuzi, na kipande cha samaki, akapata haja yake. Lakini tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake. Hujaa upesi. Akijaa hunyamaza, kisha hulala, na mama hufurahi kwamba mwanawe ameshiba. Ameshiba kweli, na huku mifupa na damu yake vina njaa.

Jirani zetu wa Buganda, ambao chungu chao ni kama chetu, walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1933 mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, ngozi ikabanduka, nywele zikageuka rangi. Mwaka 1935 akautangaza ugonjwa huo kwa jina ambalo watu wa pale wenyewe waliuita, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake azaliwapo. Waganda nao walikuwa na jina lao, obwosi, nao pia waliuhusisha na mimba mpya ya mama. Mababu walikuwa na macho mazuri, ila maelezo yao ndiyo yaliyopotoka. Waliona sawasawa kwamba mtoto aachishwaye ziwa kwa ajili ya mwingine huharibika. Wakadhani ni wivu, au ni joto la mimba, kumbe ni kwamba ameondolewa penye maziwa akawekwa penye ndizi tupu. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell na wenzake waliuchunguza ugonjwa huo kwa miaka mingi, na mwaka 1965 kikaanzishwa hapo kituo cha Mwanamugimu, kilichopewa jina kutokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na malezi yake tangu katika ngozi ya kubebewa. Humo akina mama walifundishwa kupika kitobero: chakula cha nguvu kama ndizi, pamoja na maharage au karanga, pamoja na samaki au nyama au yai kidogo, vyote katika mapishi mamoja, laini, ya mtoto peke yake. Hakuna kitu katika chungu kile kisichopatikana Muleba.

Waganga waliowauguza watoto wale wametuachia neno moja ambalo latugusa kuliko hesabu zote. Wasema kwamba mtoto wa kwashiorkor si mgonjwa wa mwili tu, hana furaha. Hataki kushikwa, hulia kwa sauti ya chini isiyokoma, huugeuzia ukuta uso, na kitu cha kuchezea akipewa hakitazami. Na moja ya alama njema za kupona, ambayo wauguzi huingojea kwa hamu, ni kwamba siku moja mtoto hutabasamu. Sasa na tuulize. Mtoto yule alikuwa na tabia mbaya? Na kama alikuwa nayo, nani aliyemtengeneza katika majuma yale machache? Hakuhubiriwa wala hakupigwa. Alipewa maziwa.

Mtasema: huo ni ugonjwa mkuu, na watoto wa shule zetu hawakuvimba miguu. Ni kweli, nasi hatusemi kwamba kila mtoto mzito wa kushika ana kwashiorkor. Lakini kati ya mtoto aliyelazwa hospitali na mtoto mwenye afya kamili iko njia ndefu, na watoto wengi wamesimama katikati yake, wakitembea na kucheza, wala hakuna ajuaye kwamba wamepungukiwa. Ubongo wa mtoto hujengwa hasa tangu mimba hata mwaka wa pili baada ya kuzaliwa, kadiri ya siku 1,000. Mama akikosa madini ya joto, yale yatiwayo katika chumvi, akili ya mtoto aweza kupungukiwa tangu tumboni. Damu ikikosa chuma, mtoto huchoka upesi na moyo wake hautulii juu ya jambo moja. Na chuma chaweza kukosekana kwa njia mbili: kwa kutokuliwa, au kwa kuliwa kisha kuibwa, maana safura na malaria huiharibu damu ambayo chakula kimeitengeneza kwa taabu. Muleba wanalijua sana jambo la malaria. Wilaya hii ndiyo iliyojaribiwa vyandarua vya namna mpya, ambavyo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, ikaonekana vyawalinda watoto kuliko vile vya zamani. Wengi hawahesabu chandarua kuwa ni sehemu ya chakula, lakini mtoto aumwaye homa kila mwezi hula kwa ajili ya homa.

Juu ya tabia na masomo ziko habari za karibu nasi. Huko Embu, katika nchi ya Kenya, tangu 1998 hata 2000, shule za msingi 12 zilitwaliwa kwa majaribio. Watoto wa shule kadha walipewa githeri, yaani mahindi na maharage, iliyotiwa nyama kidogo. Wengine githeri na maziwa. Wengine githeri iliyoongezwa mafuta. Na wengine hawakupewa kitu shuleni. Waliopewa nyama waliendelea kuliko wengine wote katika mtihani wa kufikiri. Lakini lililotushangaza sisi ni yale yaliyoonekana uwanjani wakati wa kucheza. Watazamaji waliokuwa wakiandika matendo ya watoto waliona kwamba wale wa nyama walikuwa wepesi zaidi, walianzisha michezo, waliwaongoza wenzao. Ni mara ngapi tumesema juu ya mtoto fulani kwamba amezaliwa kiongozi, na juu ya mwingine kwamba amezaliwa mkia? Nao huko kisiwani Barbados, watoto waliokuwa wamepungukiwa sana na chakula katika mwaka wao wa kwanza walifuatwa kwa miaka mingi; miili yao ilirudi hata kulingana karibu na wenzao, lakini kutotulia kwao darasani hakukuondoka. Mwalimu aliyemwona mmoja wao akiwa na miaka kumi, mnene na mwenye afya, hangaliweza kujua kwamba anaadhibu njaa iliyopita zamani.

Wala hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta ushahidi, maana mkoa wetu wenyewe umechunguzwa kuliko sehemu nyingi za Afrika. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa katika Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983. Na kwa sababu ya msiba ule wataalamu walikuja kuandika habari za nyumba zaidi ya 900 katika mahali 51 pa mkoa huu, tangu 1991 hata 1994. Wakawarudia watu wale wale mwaka 2004, na tena mwaka 2010, hata wale waliokwisha kuhamia mbali. Hivyo watoto waliopimwa wakiwa wadogo walionekana tena wakiwa watu wazima. Ikadhihirika kwamba mtoto aliyelishwa vema kabla ya kuanza shule alifika mbele katika masomo kuliko yule aliyedumaa. Na watoto waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walipungukiwa na kimo kwa kadiri ya sentimita 2, na masomo kwa kadiri ya mwaka mmoja. Sentimita 2 ni upana wa kidole gumba. Lakini kidole hicho kimoja chatuhukumu, maana yatima wale hawakuachwa porini. Walichukuliwa na shangazi, na bibi, na ndugu wa baba, katika nyumba zetu, na wengi wao walisali pamoja nasi. Twasema kila siku kwamba yatima ni mtoto wa wote. Yaonekana penye chungu hakuwa wa wote.

Sasa twajua kwamba maneno haya yana wapinzani, na wapinzani hao si watu wabaya. Wa kwanza ni mzee asemaye: Sisi tulikula ndizi na maharage, tukaenda shule bila kifungua kinywa, tukawa waalimu na wachungaji. Twamheshimu mzee huyo. Lakini na akumbuke wale aliokaa nao benchi moja ambao hawakufika hata darasa la nne, na wale waliozikwa kabla ya kuanza shule. Hao hawakualikwa kutoa ushuhuda. Tena na atueleze vizuri hicho kibanja cha baba yake kilikuwa na ukubwa gani, na kama zizini mlikuwa na ng'ombe wa maziwa, na kama samaki wa ziwa walikuwa wakiuzwa kwa mizani.

Mpinzani wa pili ana hoja nzito zaidi, nasi hatupendi kumpita haraka. Asema: Mkifundisha kwamba tabia hutoka tumboni, mmeiondoa dhambi ulimwenguni. Mtoto ataiba, na baba yake atasema ni upungufu wa chuma. Mtoto atamtukana mwalimu, nanyi mtamletea yai. Je, mtu si zaidi ya vile alavyo?

Ndiyo, mtu ni zaidi. Nasi twamwona kila siku mtoto maskini, mwenye njaa ya kweli, ambaye ni mwaminifu na mpole na mwenye bidii. Kama tabia ingekuwa ni chakula tu, mtoto huyo asingekuwako, na watoto wa matajiri wote wangekuwa watakatifu. Lakini tazameni watu wawili wapandao mlima wa Kamachumu, mmoja mikono mitupu, mwingine amejitwika mikungu miwili. Akichelewa yule wa mikungu, hatusemi kwamba hakuna njia, wala kwamba hana miguu, wala kwamba hakupaswa kupanda. Twasema alikuwa na mzigo. Na mtu wa haki, kabla ya kumwita mvivu, hutazama kichwani pake. Kujua mzigo hakumfanyi mpandaji kuwa jiwe lisilo na nia. Kwamfanya amwonaye kuwa hakimu wa kweli. Na mtoto mwenye njaa atendaye mema astahili sifa kubwa kuliko tulivyompa, maana mwema aliyeshiba amelipa bei ndogo kwa wema ule ule.

Lakini iko tofauti nyingine, nayo ndiyo tunayoiona kuwa kubwa. Mtu mzima aliyejitwika mzigo aweza kuutua. Mtoto wa miaka miwili hakujitwika, aliwekewa. Kwa hiyo twapomwondolea mtoto sehemu ya hatia, hatuifuti hatia ile. Twaihamisha kutoka nyumba moja mpaka nyingine, na nyumba inakohamia ni yetu. Wapendao kusema kwamba dhambi isipunguzwe na watulie. Hapa haikupunguzwa hata kidogo. Hata yule Aguri katika kitabu cha Mithali, aliyeomba asipewe umaskini asije akaiba, hakusema kwamba wizi wa maskini si wizi; alijua tu kwamba umaskini huuleta wizi karibu na mlango, na mtu mwenye hekima huomba mlango ule usifunguliwe. Sisi waliotuweka kuwa wazazi na waalimu ndio tushikao mlango wa watoto.

Basi ikiwa hatia imehama, imehamia kwa nani? Wengi hujibu: kwa mama. Hata katika mafundisho ya chakula bora husemwa kana kwamba chungu ni cha mama peke yake. Huitwa yeye, hupimiwa yeye mtoto, hukaripiwa yeye. Sisi twaona hii ni haki ya nusu. Mama ndiye alimaye maharage, achotaye maji, akataye kuni, kisha apikaye. Lakini fedha ya kahawa haiingii mkononi mwake, na yai ambalo ameambiwa ampe mtoto ndilo lile aliuzalo apate chumvi na sabuni. Anayemfundisha mama peke yake amemfundisha asiye na ufunguo.

Tena tuseme wazi juu ya desturi. Zamani katika Buhaya wanawake ndio waliokusanya senene, wakazinyonyoa mabawa na kuzikaanga, wala kuzila hawakuruhusiwa. Na ng'ambo ya mpaka, Buganda, iliogopwa kwamba mwanamke alaye senene atazaa mtoto mwenye kichwa cha namna ile. Kuku na mayai vilikuwa na mwiko kama huo katika nyumba nyingi za nchi hizi za maziwa makuu. Kwa hiyo yule mchukua mimba, ambaye mwili wake ulikuwa ukijenga mwili wa pili, ndiye aliyekatazwa vijengavyo mwili, na wale wasiobeba kitu wakaviona kuwa haki yao. Leo mwiko huo umelegea, na akina mama wengi hula senene mbele za watu bila haya. Lakini shina likikatwa mizizi hubaki ardhini. Bado nyama njema huwekwa mbele ya baba, mtoto hupewa mchuzi, na husemwa kwamba mtoto akizoea nyama atakuwa mwizi. Sisi twadhani mambo ni kinyume cha hayo.

Na juu ya rubisi tutasema kidogo tu, maana mahubiri juu ya pombe mmekwisha kuyasikia mengi. Hatutazami sasa ulevi, twatazama shamba. Migomba ya pombe yakaa katika kibanja kimoja na migomba ya chakula, yanywa mbolea ile ile, na mahali pake pangeweza kusimama maharage au mpapai. Tena nyama ya kuchoma iliwayo jioni kilabuni ni chakula chema sana cha kujenga mwili, ila kimeingia katika mwili uliokwisha kujengwa miaka thelathini iliyopita.

Walakini tusije tukafanana na mtu amlaumuye kiwete kwa kutokukimbia. Iko hatia ya kuchagua vibaya, na uko umaskini usiochagua, nasi twakosa sana tukivichanganya. Kibanja kilicholisha nyumba moja kimegawanywa kati ya wana, na tena kati ya wajukuu. Ng'ombe ni wachache, na ardhi hii ioshwayo na mvua nyingi haizai sana bila samadi. Mnyauko wa migomba ulioenea tangu mwaka 2006 uliwaacha wengine na mashamba ya mashina yaliyooza. Na samaki? Mtoto wa kisiwa cha Goziba huona samaki wakipita mbele yake kila siku; minofu ya sangara huenda Ulaya, na dagaa wengi husagwa kuwa chakula cha kuku wa mjini. Hatuwezi kumwambia mama wa Muleba kwamba hana maarifa, hali dagaa wapitao mlangoni pake wana mnunuzi mwenye fedha kuliko yeye, naye mnunuzi huyo ni kuku. Wakumbukao Katekisimo Ndogo wajua kwamba Luther, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, hakutaja chakula na kinywaji tu. Aliweka humo shamba na mifugo na fedha, na hata serikali njema. Kwa hiyo bei ya samaki na njia ya kuhimili mnyauko ni mambo yahusuyo ombi lile, wala hayako nje ya kazi ya Mkristo.

Tumebakiwa na jambo moja ambalo laweza kutendwa karibu, nalo ni uji wa shule. Ada na michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za serikali mwaka 2016, wazazi wengi walielewa kwamba na chakula sasa ni cha serikali. Sivyo, chakula cha watoto warudio nyumbani jioni kimeachiwa makubaliano ya wazazi wenyewe. Hivyo iko shule ambayo wazazi walikubaliana wakatoa mahindi, na uji wanywewa saa nne; na iko ambayo hawakukubaliana, na mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula hukaa hata alasiri akihesabu kwa tumbo tupu. Lakini ugumu mkubwa wa dhamiri umo katika ile shule ya kwanza. Wako watoto ambao wazazi wao hawakutoa. Saa nne ikifika, wenzao hupanga foleni na vikombe, nao huambiwa wakae kando.

Tumewasikiliza watetezi wa sheria hiyo, nao si watu wasio na huruma. Wasema: tukiwapa na hawa, wazazi waliotoa watajiona wapumbavu, mwakani hawatatoa, na chungu kitakauka kwa wote. Neno hili lina akili, na halijibiwi kwa machozi. Lakini twauliza: deni ni la nani? Ni la baba, na adhabu imetekelezwa juu ya mwana. Hakuna hakimu wa kidunia ambaye akishindwa kumpata mdaiwa hufungia kiti chake mtoto wa darasa la pili. Tena adhabu yenyewe ni ya namna ambayo haimfikii mkosaji kamwe. Baba haoni kikombe kitupu, maana yuko shambani au kilabuni, na mtoto kwa aibu hamwambii. Amwambiaye ni daftari la mwisho wa mwaka, nalo humwambia kwamba mwanawe ni mzito wa kushika.

Kwa hiyo sisi twaona kwamba mtoto anywe, na baba adaiwe kwa njia nyingine: kwa siku za kulima shamba la shule, kwa kuni, kwa debe la maharage wakati wa mavuno, mbele ya wazazi wenzake ambao wanajua vema nani hana na nani hataki. Asiye na kitu kweli, kama yule bibi aleaye wajukuu wanne, asidaiwe. Na uji wa mahindi matupu ni ndugu wa ndizi tupu. Yafaa utiwe unga wa soya au karanga au dagaa waliosagwa, hata kama kikombe kitakuwa kidogo zaidi.

Sharika zetu zina desturi njema ya kuleta mazao kanisani, na baada ya ibada huwa mnada nje: mikungu, mayai, kuku, maharage, na fedha huenda katika kazi za usharika. Hatusemi mabati yasinunuliwe. Lakini maharage ya Jumapili moja katika kila mwezi yangeweza kupita mnada na kwenda moja kwa moja katika chungu cha shule iliyo jirani, bila kuuliza watoto wale ni wa dhehebu gani. Wazee wa usharika watakapoketi, na waanze kwa kumwuliza mwalimu mkuu ni watoto wangapi wasiokunywa uji saa nne. Idadi yatosha, majina yasisomwe mbele ya watu.